Karoti Ambayo Haikuingia Kwenye Faili

Mzee Silvano alitumikia masjala ya ofisi ya wilaya kwa miaka thelathini na mmoja, akipokea barua, akizigonga mhuri, akizipanga kwenye mafaili na kuyapa mafaili namba. Alipostaafu na kurudi nyumbani kwake Chamwino, aliacha ofisini kiti na meza tu. Mengine yote alikuja nayo. Mbegu zake za bamia zilikuwa na namba. Funguo zake zilikuwa na vibandiko. Jirani akija kuazima jembe, alitia sahihi. Mkewe, Paulina, alizoea kuwaambia wageni kwamba serikali ilikwisha kumstaafisha mzee huyu zamani, ila bado inatafuta mtu wa kumpelekea habari.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani, nayo ndiyo ilikuwa fahari ya uzee wake. Haikuwa kubwa, mtu angeweza kuizunguka kabla chai yake haijapoa. Lakini katika nchi ile, ambako mvua hukata mwezi wa nne na vumbi hushika zamu hadi Desemba, kijani chake kilionekana tangu barabarani. Nyanya, karoti, mchicha na bamia vilisimama katika mistari iliyonyooshwa kwa kamba, kama alivyofundishwa utotoni katika shule ya misheni na Bruda mmoja mwenye ndevu nyekundu, ambaye aliamini kwamba mstari uliopinda ni dalili ya roho iliyopinda.

Bruda yule alimwachia Silvano urithi mwingine, nao ulikuwa namna ya kuwakamata sota, wale viwavi wa ardhini wanaokata miche shinani watu wakiwa wamelala. Pumba za ngano zililowanishwa kidogo kwa maji ya sukari guru, kisha zikanyunyizwa kwa mkono kuzunguka mashina jua likielekea kuzama. Sota walikuja karamuni, na asubuhi walikutwa palepale wameshiba, wakaokotwa na kupewa kuku. Hapakuwa na dawa wala sumu. Mzee Silvano alikuwa ameifuata njia hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, na kila alipoieleza alinyoosha mgongo kidogo, kana kwamba Bruda bado anamtazama.

Sasa, katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu mwenye cheo kikubwa kuliko Hilda. Alikuwa na miaka minane, mtoto wa binti yao Raheli, na aliishi na wazazi wake Kikuyu, mjini Dodoma. Cheo chake kilitokana na jina. Alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa Mzee Silvano, na kwa hiyo mzee alimwita Mama, naye mtoto, alipotaka jambo, alimwita babu yake mwanangu. Kila Jumamosi asubuhi Raheli alipomfikisha getini, palitokea mashindano ya nani aamkiwe na mwenzake. Mara nyingi mzee ndiye aliyeshindwa, akatoa shikamoo yake akiwa ameshika kofia mkononi, na Hilda akaipokea kwa marahaba nzito ya mtu aliyezaa na kulea.

Mtoto huyo alikuwa na ugonjwa unaoitwa siliaki. Kwa miaka miwili tumbo lake lilikuwa likijaa huku mwili ukipungua, na alinyweshwa dawa za minyoo hadi minyoo yenyewe, kama iliwahi kuwapo, ikawa imehama wilaya. Mwishowe daktari wa watoto alimpima damu, akamchunguza utumbo, akaeleza. Ndani ya ngano na shayiri mna kitu kinachoitwa gluteni, na mwili wa mtoto huyu ukikipata hugeuka na kuujeruhi utumbo wake wenyewe. Hakuna dawa ila kutokula kabisa vitu hivyo, maisha yote. Wala si chapati na mkate tu. Hata vumbi la unga lililobaki kwenye kijiko linatosha kumwangusha.

Mzee Silvano alipoelezwa habari hizo alisikitika kwa dhati, kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha akauliza kuhusu uwele. Raheli akasema uwele hauna neno. Na mtama? Nao hauna neno. Mzee akaegemea kiti chake, na uso wake ukapata nuru ambayo, kwa hali ilivyokuwa, haikustahili sana. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia wanawe waliohamia mjini kwamba mikate itawaponza, nao wakicheka. Sasa alikuwa amepata daktari wa upande wake.

Ndivyo ilivyokubaliwa kwamba Hilda awe anashinda Chamwino kila Jumamosi, alale, na achukuliwe Jumapili baada ya misa. Chakula cha nyumba hiyo kilikuwa ugali wa uwele na mlenda tangu enzi za mababu, na ilionekana hakuna mahali salama kuliko pale. Paulina aligawa maandazi yake ya mwisho kwa majirani, akanunua sufuria mpya na mwiko mpya kwa ajili ya mtoto. Mzee Silvano, kwa upande wake, alifungua faili. Juu yake aliandika CHAKULA CHA HILDA, na ndani yake kila kilichotoka jikoni kuelekea kinywani mwa mtoto kiliandikwa, pamoja na saa.

Jumatatu ya kwanza Raheli alipiga simu kusema Hilda ameamka anatapika. Ilichukuliwa kuwa ni bahati mbaya. Jumatatu iliyofuata alipiga tena. Tumbo lilikuwa limejaa kama zamani, na mtoto hakwenda shule. Safari hii Raheli alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomwogopesha mzee.

"Baba, simlaumu mtu. Lakini akiumwa mara ya tatu hatakuja tena, mpaka awe mkubwa wa kujilinda mwenyewe."

Mzee Silvano alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alijaribu kuhesabu ni miaka mingapi mtoto wa miaka minane angehitaji ili awe mkubwa wa kujilinda mwenyewe, akaijumlisha na yake, akaona ni hesabu isiyofaa kuendelea nayo.

Juma lile alihamia jikoni. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, faili magotini, na kila Paulina alipofungua kopo alitaka kujua lina nini na limetoka wapi. Paulina alimwuliza kama na chumvi nayo ianze kusalimiwa kwa jina. Siku ya Alhamisi mzee alipata wazo kwamba kosa liko kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa huko husagwa nafaka za kila mtu, na nani ajuaye kama hapakupita ngano kabla ya uwele wao. Wazo hilo halikuwa baya. Tatizo lilikuwa kwamba bega la Paulina lilikuwa linamwuma, na kama uwele haukwenda mashineni, basi ungetwangwa nyumbani. Na mtu mwenye mabega mazima alikuwa mmoja tu.

Kwa hiyo watu wa Chamwino wakapata bahati ya kumwona karani mstaafu wa masjala akitwanga kwenye kinu, uani kwake, mchana kweupe. Alivua koti lakini hakuvua tai. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walisimama wakiwa na ndoo vichwani, bila kuhisi uzito wake. Mmoja alisema kwa heshima zote kwamba mzee anatwanga vizuri, ila mtwangio humalizia ndani ya kinu, si pembeni. Mwingine aliuliza kama kuna mwali anayefundwa. Mzee Silvano alitwanga hadi viganja vikatoa malengelenge, na unga uliopatikana ulikuwa na chenga kubwa kiasi kwamba Paulina alimshauri afungue kiwanda cha kokoto.

Jumamosi ya tatu Hilda alikula ugali wa unga huo bila kulalamika. Aliuangalia tu, akamwangalia babu yake, akasema, "Mwanangu, siku nyingine twanga kidogo zaidi."

Mchana ulipopoa waliingia bustanini. Hiyo ndiyo saa waliyoipenda wote wawili. Mzee alibeba karai la pumba zilizolowanishwa, Hilda akachota kwa vidole na kunyunyiza kuzunguka kila shina la nyanya, akiwaonya sota kwa majina aliyowapa mwenyewe. Alikuwa na mkono mwepesi. Hata Bruda angemsifu. Walipofika mwisho wa mstari, mzee aliinama, akang'oa karoti, akaifuta udongo kwenye paja la suruali yake ya kazi, akaikata vipande viwili na kumpa Hilda kipande kikubwa. Ndivyo walivyofanya kila Jumamosi. Karoti, aliamini mzee, lazima iliwe ikiwa bado ina joto la ardhi; ikifika jikoni imekwisha kuwa mboga tu. Na kwa kuwa haikupita jikoni, haikuandikwa.

Jumatatu saa moja asubuhi simu iliita. Raheli hakusema mengi. Hilda alikuwa amelala, amechoka, hawezi kusimama. Wangeonana Krismasi.

Paulina aliposikia, alikwenda jikoni, akatoa ile sufuria mpya, akaisugua kwa mchanga ingawa ilikuwa safi, akaisugua tena. Hakumtania mtu siku hiyo. Usemi wake wote ulikuwa kwamba mikono yake imezeeka na haisafishi tena vizuri. Mzee Silvano alimtazama kutoka barazani. Moyoni naye aliamini kosa ni la jikoni, maana faili lilikuwa limeandikwa sawasawa. Hakusema hivyo, lakini pia hakusema sivyo.

Jumamosi mbili zilipita bila mtu wa kumwamkia. Nyanya zilikua. Mzee alinyunyiza pumba peke yake, na zilipokwisha alipanda gari kwenda mjini, hadi Majengo, kwa Bashiri.

Bashiri alikuwa Mrangi wa Kondoa, muuza nafaka na vyakula vya mifugo, na yeye na Mzee Silvano walikuwa wakitaniana kwa miaka isiyopungua ishirini. Kawaida Bashiri alianza kwa kuuliza kama Wagogo wamegundua mboga nyingine zaidi ya mlenda, na mzee akamjibu kwamba watu wa Kondoa walishuka milimani kufuata harufu yake. Siku hiyo mzee aliomba debe lake la pumba bila utani. Bashiri akaweka chini kikombe chake cha kahawa na kuuliza habari za mama yake, yaani Hilda, kwa kuwa alikuwa akimfahamu. Mzee akamweleza yote: siliaki, sufuria, kinu, na Krismasi.

Bashiri alisikitika. Akainama kwenye gunia la pumba za ngano kumpimia debe lake. Wakati huohuo mama mmoja akaja kutaka kilo mbili za mchele, na mzee alishangaa kumwona Bashiri akiacha kila kitu, akanawa mikono kwa sabuni kwenye ndoo iliyokuwa nyuma ya mizani, akajifuta kwa taulo safi, ndipo akagusa mchele.

Mzee akamwuliza tangu lini Warangi wamekuwa wasafi hivyo.

"Mtani, ukitoka kwenye pumba ukashika mchele, wateja wanagomba," alisema Bashiri. "Wanasema mchele una unga. Na kweli unao. Pumba za siku hizi hazichekechwi vizuri, zimejaa unga. Uzichekeche, utapata chapati mbili na ya mtoto." Akainua mkono aliokuwa ameuchovya tena guniani. Ulikuwa mweupe hadi kwenye kifundo.

Mzee Silvano aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Kisha, mbele ya wateja, aliinama na kuitazama suruali yake, maana alikuwa amekuja na ileile ya kazi. Kwenye paja la kulia, mahali anapofutia karoti, palikuwa na utando mweupe uliokauka.

Kwa miaka hamsini pumba kwake zilikuwa chambo cha sota na chakula cha kuku. Daktari alikuwa amesema ngano, naye alikuwa ameifukuza ngano kwenye kabati, kwenye sufuria na kwenye mashine ya kusaga. Haikumjia hata siku moja kwamba alikuwa akiinunua kwa debe, akiilowanisha kwa sukari, na kumpaka mtoto vidoleni kabla ya kumpa cha kula.

Aliondoka bila pumba. Bashiri alimwita, kisha akaacha kuita.

Nyumbani alilifungua lile faili, akasoma kurasa zote, akalifunga. Akamwita Paulina, akamwomba akae, akamweleza akiwa amesimama. Paulina alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Alipomaliza, mkewe alianza kuinyoosha kanga yake magotini, na mzee akaanza kufikiri kwamba amesamehewa.

"Baba Raheli," alisema hatimaye, "wiki nzima umenilinda kwenye kigoda kile kama askari wa magereza. Umeandika mpaka maji. Na karoti, uliiandika ukurasa wa ngapi?"

Mzee akasema hakuiandika.

"Basi kaa uiandike," akasema Paulina. "Na usimpigie simu. Utakwenda mwenyewe." Akainuka kwenda jikoni, na kutoka huko, baada ya muda, mzee alisikia akicheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu, naye akaona adhabu hiyo ni ndogo kuliko aliyostahili.

Aliandika hadi jioni. Siku iliyofuata alivaa koti lake la kanisani na kwenda Kikuyu. Raheli alimkaribisha, akashangaa kumwona baba yake anakataa kuketi. Hilda alikuwa kwenye mkeka sebuleni akifanya hesabu za shule. Alikuwa amepona, ila mashavu hayakuwa yamerudi. Mzee alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akavaa miwani na kusoma. Ilikuwa barua rasmi. Ilikuwa na tarehe, na chini ya tarehe iliandikwa: YAH: KUUGUA KWA HILDA MARA TATU, MAELEZO YA MTUHUMIWA. Ilieleza pumba ni nini, zilitoka wapi, zilinyunyizwa na nani kwa mkono upi, karoti ilifutwa wapi na ikaliwa saa ngapi. Ilieleza kwamba mpishi wa nyumba, Bi Paulina, hakuhusika kwa namna yoyote, na kwamba mwandishi alimwacha abebe lawama hiyo kwa siku kumi na tisa, jambo ambalo analijutia kuliko mengine. Ilimalizika kwa kuomba kwamba mtoto asinyimwe bustani kwa kosa la mwenye bustani. Chini palikuwa na sahihi na, kwa mazoea, nakala kwa mkewe.

Raheli aliichukua barua, akaisoma mwenyewe tangu mwanzo. Alipofika kwenye nakala alifunika mdomo kwa kiganja, na mabega yakamtikisika. Mzee hakuweza kujua anacheka au analia, na huenda Raheli mwenyewe hakujua. Kisha akaanza kuuliza, swali moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu mayai. Kuku wanakula nini? Karai la pumba huoshewa wapi? Mbolea ya mboji inatiwa nini? Kila jibu alilipima. Mwisho akasema kwamba atakuja mwenyewe kuona, na asiporidhika, itabaki Krismasi.

Hapo Hilda akainua kichwa kutoka kwenye madaftari.

"Kwa hiyo sota walikuwa wanakula maandazi?" aliuliza.

Mzee akakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa namna fulani.

"Na mimi walinibakishia," akasema Hilda, akarudi kwenye hesabu zake.

Bustani ilifumuliwa. Masalia ya pumba yalikwanguliwa pamoja na tabaka la juu la udongo, yakafukiwa mbali, nje ya ua. Mboji yote ikaenda huko pia. Kuku walihamishiwa kwenye pumba za mahindi, wakasusa siku moja, kisha wakakubali. Karai lilipewa jirani, aliyetia sahihi. Mlangoni mwa bustani mzee alining'iniza kibuyu chirizi, dumu lenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, na sabuni pembeni. Na juu ya dumu akaandika kwa rangi kwamba hakuna kitakacholiwa kabla ya kuoshwa, pamoja na mikono ya anayekiosha. Ile suruali Paulina aliifua mara tatu, kisha akaamua kuwa imestaafu, na yeye angeipelekea habari.

Sota walirudi kwa furaha. Bila pumba, ilibidi watafutwe kwa kijiti asubuhi, kwa kufukua udongo kando ya kila mche uliolala chini, na kufikia mwisho wa mwezi miche kumi na minne ya nyanya ilikuwa imekwenda. Mzee Silvano aliitazama mistari yake yenye mapengo kama kinywa cha mzee. Jioni, kwenye sala, alimwombea Bruda, na kumweleza kwa ufupi kwamba haikuwa utovu wa nidhamu.

Raheli alikuja, akatembea mstari kwa mstari, akanusa hata kopo la chakula cha kuku. Alinawa kwenye kibuyu chirizi, akarudi mjini. Jumamosi iliyofuata alimfikisha Hilda getini.

Mzee alishindwa kuamkiwa, kama kawaida. Siku hiyo walitafuta sota kwa vijiti, wakapata tisa, wote wanene. Walinawa. Waling'oa karoti moja, wakaipeleka kwenye dumu, Hilda akaisugua kwa brashi hadi ikapoteza joto lote la ardhi. Mzee alikula kipande chake akakiri kimoyomoyo kwamba si kitamu kama zamani. Usiku Hilda alilala. Jumapili mtoto aliondoka baada ya misa.

Jumatatu aliamka mapema, akaenda bustanini kufukua sota ili mikono iwe na kazi. Saa moja kasoro akarudi barazani, akaweka simu mezani mbele ya chai, akaketi akiitazama. Paulina alisimama mlangoni na kitambaa chake cha jikoni, naye akiitazama. Ilipoita, mzee aliiacha iite mara tatu kabla ya kuthubutu.

Hakuwa Raheli. Ilikuwa sauti ya Hilda, ya mtu aliyekwisha vaa sare ya shule na ana haraka, ikisema kwamba amelala vizuri, amekunywa uji wa uwele vikombe viwili, na mama yake amesema Jumamosi ni ileile.

Mzee Silvano akanyoosha mkono kuchukua kiazi kitamu kilichokuwa kando ya chai, ili apate cha kufanya.

"Silvano, mwanangu," ikasema ile sauti ndogo sikioni mwake, "umetoka bustanini, si ndiyo? Umenawa?"

Mzee aliutazama mkono wake. Udongo ulikuwa bado chini ya kucha. Akakirudisha kiazi sahanini, akainuka, na simu ikiwa bado sikioni akaelekea kwenye dumu, huku Paulina akimpisha njia mlangoni.